"Put off" siyo kuzima tu jamani

Mhariri, salamu. Naomba nafasi nilisemee hili neno "put off" maana limemponza mpwa wangu na naamini hayuko peke yake.

Aliitwa intavyuu ya kazi, siku mbili kabla ikaingia meseji ya Kiingereza kuwa intavyuu imekuwa "put off", kesho yake watatuma tarehe mpya. Binti kasoma maneno mawili hayo tu roho ikamshuka, akajua imefutwa, akapanda basi la alfajiri kurudi kijijini. Anapigiwa simu kuulizwa mbona hajafika, yuko shambani anapalilia mahindi. Iliniuma sana.

Simlaumu. Huku kwetu tangu shule ya msingi tunasema "put off the light", kwa hiyo kichwani ikishakuwa "off" ni kuzima, imekwisha. Lakini kikao kikiwa "put off" kimesogezwa mbele, kufutwa kabisa ni "call off". Mwaka 2020 wakati wa korona Olimpiki ya Tokyo ilikuwa "put off", ikachezwa Julai 2021, ila tenisi ya Wimbledon ilikuwa "called off", mwaka ule haikuchezwa kabisa. Ukiwa na tiketi, ya kwanza unaitunza, ya pili unadai hela yako.

Na Kiswahili chake tunacho! Nyie wenyewe mnaandika kesi imepigwa kalenda, hiyo ndiyo "put off". Mdeni wako kila ukienda anakwambia njoo kesho, njoo Ijumaa, anakupiga danadana, hapo Mwingereza anasema "he keeps putting me off". Halafu umekaa kwa mama ntilie na njaa yako unakuta nzi kwenye mchuzi, hamu yote kwisha, umekatwa stimu, nayo ni "put off" hiyohiyo.

Kingine kinachotuangusha, sisi tunasema kuahirisha kwenda basi tunaandika "put off to go", hapana, ni "put off going".

Ombi langu, kwenye ile kona yenu ya Kiingereza msituwekee neno na maana moja pembeni, tupeni sentensi nzima kama watu wanavyoongea, na walimu pia watumie hizi kalenda na danadana ambazo mtoto anazisikia kila siku nyumbani.

Mjomba mtu,
Morogoro