Wakili wa mshtakiwa si mshtakiwa mwenza

MHARIRI,

Kesi kubwa ya ufisadi haijaanza kusikilizwa, tayari wakili wa mshtakiwa ametukanwa kuwa mtetezi wa wezi. Wanaotukana hivyo wakumbuke kesi ya Kapenguria. Mwishoni mwa 1952, walowezi waliona Jomo Kenyatta hastahili hata kusikilizwa. Wakili D.N. Pritt alitoka London akamtetea yeye na wenzake watano. Kwa sababu ya telegramu aliyowapelekea wabunge wa Uingereza, Pritt mwenyewe alishtakiwa kwa kudharau mahakama, akaachiliwa, akaendelea na kazi. Washtakiwa walipatikana na hatia Aprili 1953. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kwamba alihongwa ili aseme uongo kortini. Ndiyo maana shahidi hubanwa kwa maswali, hata umma ukiwa umeshahukumu.

Huko Uingereza, wakili wa mahakamani hakatai kesi kwa kuwa tu anamchukia mteja, mradi kesi iwe ya fani yake, awe na nafasi na ada iwe ya haki. Lakini kutetea kuna mipaka. Mteja akimnong'onezea wakili kwamba kweli aliiba, siri hiyo hapa Kenya inalindwa na Sheria ya Ushahidi. Wakili anaweza kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe madai yake. Hawezi kumleta binamu wa mteja aape kwamba usiku ule walikuwa wote Mombasa. Yeye ni ofisa wa mahakama, na akiidanganya atakuwa amevunja maadili ya kazi yake.

Hasira zetu zingefaa zaidi kwa wakili anayepokea fidia ya mtu aliyevunjwa mguu na matatu, akaitia mfukoni, kisha akaacha kushika simu. Pesa za mteja hukaa katika akaunti ya wateja, mbali na zake. Aliyedhulumiwa ana Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na huko halipi ada. Jopo la nidhamu nalo linaweza kumsimamisha wakili au kumfuta kabisa katika orodha. Wangapi vijijini wanayajua haya?

Chama cha Mawakili kibandike katika kila ofisi ya chifu, kwa Kiswahili, majina ya mawakili wenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu na ya waliosimamishwa.

Msomaji,
Nakuru