Kolaji ya Jumamosi: saa imebadilika

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunaanza kolaji (picha ya kubandika vipande vya karatasi na kitambaa) saa 3 asubuhi, siyo saa 5, palepale barazani kwa mweka hazina. Kila tabaka linataka kama nusu saa kukauka, na mara iliyopita tulibandika juu ya gundi mbichi.

Mchango ni shilingi 5,000 (gundi nyeupe, rangi, kadibodi). Mwisho Alhamisi saa 2 usiku.

Mje na:
1. Fotokopi za picha, tafadhali msilete picha zenyewe. Za printa ya wino wa maji huchuja rangi zikiguswa na gundi. Za mashine ya wino wa unga (leza) hazina shida.
2. Vipande vya khanga kuukuu, vimefuliwa na kupigwa pasi. Khanga mpya ina wanga, haishiki vizuri.
3. Mkasi, brashi bapa, na kadi ngumu ya kusukumia mapovu kutoka katikati kwenda pembeni.

Gundi tutachanganya vikombe 2 kwa kimoja cha maji. Maji yakizidi karatasi hukunjamana. Tutapaka na nyuma ya kadibodi, la sivyo itapinda.

Andikeni "nipo" au "sipo" hapa kabla ya Alhamisi, nijue nikate kadibodi ngapi. Watoto wanakaribishwa, ila nao wahesabiwe!