Siyo watoto, ni fundichuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwaombe radhi watoto watatu wa hapa Rau, Moshi. Nyumbani kwao nimeshakwenda, na mkungu wa ndizi nimebeba. Lakini niliwaita wezi dukani, watu wamejaa, basi na radhi nayo iende hadharani.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu niache chaki nina kibustani cha viungo kando ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili: mchaichai, mnanaa, rozimeri, mrehani, na matuta mawili ya giligilani ambayo mama mmoja mwenye mgahawa mjini hunichukulia kila Ijumaa. (Kabla hujaniuliza habari ya mita 60 kutoka mtoni, ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani yake: mto wenyewe uko mbali, huko bondeni. Na maji ya mfongo nafungulia siku ya zamu yangu tu.)

Masika yalipoanza, vitu vikaanza kupotea. Kwanza vibao. Nilikata ndoo kuukuu ya plastiki vipande vipande, nikaandika jina la kila mmea kwa wino mzito na kuvichomeka kwenye matuta. Ugonjwa wa kazi, nisameheni. Kikaondoka cha MNANAA, kikafuata cha ROZIMERI. Halafu kitambaa changu cha kichwa nilichoanika kwenye ua. Halafu soksi moja. Moja, Mhariri! Mwizi gani anaiba soksi moja? Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimeshawapata washitakiwa wangu, wale watoto wanaopita kila jioni kuoga mfongoni.

Niliwasimamisha. Yule mdogo, wa darasa la tatu, akasema kwa adabu zote: “Shikamoo bibi. Siyo sisi, ni ndege.” Nikampa hotuba ndefu juu ya ubaya wa kusema uongo. Darasani nimeshaambiwa daftari limeliwa na mbuzi, daftari limesombwa na mvua, lakini ndege kuvaa soksi, hapana.

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa nimechuchumaa napalilia mnanaa. Nilivua glavu moja ya mpira ili ning'oe vizuri magugu madogo, nikaiweka ukingoni. Akatua ndege wa kahawia, kichwa kimechongoka mbele na nyuma kama nyundo. Fundichuma. Huwa anakuja kuwinda vyura, nami sijawahi kumjali. Akaitazama glavu kwa jicho la kulia, akageuka akaitazama kwa la kushoto, kama mkaguzi anayepitia andalio la somo. Akadonoa. Mdomo ukazama kwenye kidole gumba, ukanasa. Alipoinua kichwa, vile vidole vinne vikaning'inia usoni kwake vikipunga. Akaanza kurudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, katikati ya giligilani zangu, hadi akatumbukia mfongoni, mkia ukitangulia.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope.

Alitoka maji yakimchuruzika, glavu sasa ameishika vizuri, akaruka nayo hadi kwenye mkuyu. Mwenzake alikuwa anamsubiri. Akampandia mgongoni, wakasimama hivyo mmoja juu ya mwingine wakipiga kelele kama waliofunga goli.

Nikawafuata. Kwenye panda ya ule mti kuna kiota kikubwa kuliko tenga la kuku, rundo la vijiti na tope, na mlango wake uko chini ubavuni, umesiribwa vizuri kuliko jiko langu. Soksi ipo. Kitambaa kipo, kimesokotwa katikati ya vijiti. Na pembeni mwa mlango, kama jina la mwenye nyumba, kimening'inia kibao: ROZIMERI.

Sasa kuna jirani yangu anataka kiota kiangushwe, eti ni ndege wa mkosi. Nimemwambia aache. Fundichuma hujenga viota kadhaa kwa mwaka, hata asipotaga, na anaokota chochote anachokutana nacho. Ukimbomolea leo, kesho yuko bustanini kwangu kutafuta vifaa upya. Tena akihama mwenyewe, nyumba yake haikai tupu: huingia bundi, huingia nyoka, hata kenge. Mimi kati ya kenge na mwizi wa soksi nimeshachagua.

Vibao vipya nimevitengeneza kwa mabati, nimevifunga kwa waya. Yule mdogo ndiye aliyenishikia koleo, na aliniuliza kama ndege naye nitampa hotuba.

Jambo la mwisho. Mlangoni mwa kile kiota kuna kijiko cha chai chenye maua kwenye mpini. Si changu. Mwenyewe aje, ila ngazi abebe.

Mwalimu mstaafu,
Rau, Moshi