Mapingamizi mawili ya GMO yasichanganywe

Mhariri,

Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya liondoe, Oktoba 2022, marufuku ya vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, iliyowekwa 2012, nimesikia mara nyingi kanisani kwamba kugusa jeni ni kumkosoa Muumba. Naiheshimu hofu hiyo, ingawa mahindi yenyewe wakulima wa Meksiko waliyatoa kwenye nyasi kwa kuchagua mbegu maelfu ya miaka, wala sijasikia yakiitwa dhambi.

Linalonikosesha usingizi ni pingamizi la kisayansi. Mahindi ya Bt yamepandikizwa jeni ya bakteria wa udongoni ili yatengeneze protini inayomuua bungua anapotafuna bua. Lakini Afrika Kusini, yalikoanza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1990, bungua waliizoea sumu hiyo kabla ya miaka kumi kupita. Isitoshe, chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo, na shamba langu limetengana na la jirani kwa mstari wa matete tu. Kila mavuno huteua mahindi yenye punje nzito nikayaning'iniza juu ya meko yapate moshi, na hiyo ndiyo mbegu yangu ya msimu ujao. Jirani akipanda ya Bt na chavua yake ikaingia humo, mbegu hiyo itahesabiwa kuwa ya nani: yangu, au ya kampuni yenye haki ya jeni hiyo?

Mkulima,
Trans Nzoia