Belozi za kamera si mapambo ya kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye barua za wasomaji maana makala yenu juu ya kukusanya vifaa vya zamani vya kamera imenikera, siyo yote, ila pale mwandishi alipofika kwenye belozi, yaani ile mivukuto ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inayokaa kati ya kamera na lenzi ikajikunja na kujikunjua kama kodiani. Akashauri eti ukipata iliyo kwenye boksi lake usiiguse, ifunge vizuri uweke kabatini thamani isishuke. Jamani. Huyo ndugu sidhani kama amewahi kufungua boksi la namna hiyo baada ya miaka arobaini.

Mimi nimefungua. Nina rafiki anazo saba, zote na maboksi yake, karatasi za maelekezo zipo, hata plastiki za kufungia zipo. Siku moja nikamwomba tuitoe moja, tukaiweka mezani, nikashika kitasa nikazungusha taratibu kabisa, ikalia kama jani kavu likikanyagwa na kona tatu za mikunjo zikapasuka mbele ya macho yetu. Tulikaa kimya kama tuko msibani. Kitu cha kukunjwa kikikaa kimebanwa miaka na miaka kinakaukia palepale kwenye mkunjo, siku ukikinyoosha kinakatika. Ya kwangu naiacha imefunguka robo hivi, mbali na joto na unyevu, na kila wiki inanyooshwa maana ina kazi.

Yangu ni Nikon PB-4, ya zama za filamu, imechubuka pembeni na skrubu moja siyo ya kwake. Muuzaji aliandika "safi kama mpya". Picha za kwanza zote zikatoka zimefifia, weusi umekuwa kijivu, kama umemwaga maziwa kwenye maji, nikalaumu lenzi, nikaifuta, nikabadilisha lenzi nyingine, nikalaumu taa, wiki mbili zimeisha hivyo. Mpaka usiku mmoja nikazima kila kitu, nikaingiza tochi ya simu ndani ya belozi nikaivuta yote, weee, ikawa nyota tupu. Kwenye kona za mikunjo, maana ndiko zinakochakaa kwanza, vitobo kumi na moja, nilivihesabu. Dawa yake ni rangi nyeusi ya kitambaa ile inayobaki laini ikikauka, unaichukua kwa ncha ya kijiti cha meno, safu nyembamba mbili tatu, na unaiacha imenyooka mpaka ikauke kabisa la sivyo mikunjo inagandana. Ukipaka nene belozi haitajikunja tena. Na grisi ya kwenye reli ilikuwa imeganda kama gundi, hiyo ni kawaida kwa vitu hivi, usilazimishe kitasa, futa yote ya zamani kwanza ndiyo uweke mpya kidogo tu.

Sasa mtu atauliza shida yote ya nini na simu zinapiga picha za karibu. Hesabu ya belozi ni nyepesi: umbali ulioongeza, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 ukiisogeza mbele milimita 150 umepata mara 3, yaani kitu cha milimita 1 kinakaa kwenye sensa, pale kamera inapopokea picha, kikiwa milimita 3. Hapo chukua bawa la kipepeo aliyekufa mwenyewe, yale mavumbi yanayobaki kidoleni ukilishika utakuta kumbe ni magamba, yamepangwa safu kwa safu kama vigae vya paa, mengine yana meno meno kwenye ncha, na pale lilipong'oka moja pamebaki kidoti kitupu. Mara ya kwanza nilikesha nalo hilo bawa.

Ila kuna kodi yake, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa wanarudisha kitu kwenye boksi. Ukiwa mara 3, ile f/8 iliyoandikwa kwenye lenzi, yaani kipimo cha tundu la mwanga, namba ikipanda tundu linapungua, siyo f/8 tena, unazidisha kwa 4 (ile 3 jumlisha 1) inakuwa kama f/32, na mwanga unaofika umepungua mara 16. Mtu hajui, anaona eneo linaloonekana vizuri ni jembamba kama ukucha, anafunga lenzi mpaka f/16 ili apate zaidi, picha inakuja laini yote kama imepigwa kwenye ukungu, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo unatawanyika. Halafu anasema lenzi za zamani mbaya. Iache kwenye f/4 au f/5.6, weka flashi, tumia ile reli ya chini inayosogeza mzigo wote kidogo kidogo, piga picha thelathini hamsini, kompyuta iziunganishe. PB-4 hata uso wake wa mbele unageuka na kusogea pembeni, kwa hiyo mgongo wa mende unaweza kuulaza kwenye fokasi kuanzia kichwani hadi mkiani.

Na lenzi yenyewe wala haihitaji kuwa ya ajabu. Wakusanyaji wanapigania Zeiss Luminar na Leitz Photar, sawa, ni lenzi nzuri, lakini mimi natumia El-Nikkor ya 50mm f/2.8 ambayo ilikuwa ya mashine ya kukuzia picha za filamu kwenye chumba cha giza, na watu walivyoachana na vyumba vya giza lenzi hizi zilibaki zinazagaa tu. Ukipita mara 1 igeuze, mbele iwe nyuma. Lenzi nyingi zimechorwa kwa kitu kilicho mbali na filamu iliyo karibu, ukishavuta belozi mambo yamegeuka, upande wa nyuma ndio umekuwa mrefu, kwa hiyo na lenzi inabidi igeuke.

Shida kubwa zaidi ya belozi ni nyuzi za ringi za kufungia lenzi, na makala yenu haikuzigusa kabisa. El-Nikkor hiyo ni M39, yaani upana wa milimita 39. Lenzi za mikroskopu nyingi za zamani ni RMS, milimita 20.32. Halafu kuna M42 na kuna T2, zote zina upana wa milimita 42, kwa macho ni ndugu mapacha, ila M42 nyuzi zake zimeachana milimita 1 na T2 ni 0.75. Zinaingia vizuri mzunguko wa kwanza unafurahi, wa pili zimeng'ang'aniana. Nilitenganisha zangu kwa glavu za mpira na matusi.

Kingine, kamera za sasa zina mshikio mnene unaogonga reli. Weka ringi ya kurefusha katikati ya kamera na belozi, usisukume kwa nguvu.

Na huyo mwandishi aliyeita belozi "kumbukumbu ya enzi" nimkumbushe Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, kule Marekani. Alifunga kamera ya mvukuto kwenye mikroskopu, na tarehe 15 Januari 1885 akapata picha ya chembe ya theluji, akiwa na miaka 19, nje kwenye baridi maana ndani ingeyeyuka. Mpaka anafariki 1931 alikuwa na zaidi ya 5,000. Angeitunza kwenye boksi tungekuwa na boksi.

Kwa wasomaji ambao wadudu hawawahusu, belozi nyingi zilikuwa na kipande cha kunakili slaidi, ya kwangu kinaitwa PS-4, unakifunga mbele unachomeka slaidi au negativu za wazee unazipiga moja moja. Sensa ikiwa ndogo lenzi ya 50 haitameza slaidi nzima hata belozi ikifungwa yote, tafuta ya 75 au 80 na slaidi uisogeze mbali zaidi.

Yule rafiki yangu alininunia karibu mwezi. Juzi kaja na maboksi mawili chini ya kwapa, kayaweka mezani, anauliza ile rangi nyeusi imebaki?

Wako,
Msomaji wa siku nyingi