Nilimtuma mlinzi, kaniletea mgeni

Anti, shikamoo.

Samahani kama maneno yatarukaruka, usingizi umegoma na simu inakaribia kuzima. Utasema mwanamke mzima anakesha kwa ajili ya mbwa. Si mbwa, Anti. Ni lile neno alilolisema mume wangu kunihusu mimi mbele ya wenzake wa kazini, wamekaa barazani wanakula nyama niliyochoma mimi: "Nilimtuma mlinzi, kaniletea mgeni." Wakacheka wote. Na mbwa mwenyewe, bila kujua kuwa anasemwa, kamlazia mmoja wao kichwa pajani.

Nieleze upande wangu kabla hujanihukumu. Aliyetaka mbwa ni yeye. Yeye ndiye hashindi nyumbani, na unajua viwanja vyetu hivi vipya, nyumba moja hapa, nyingine kule, katikati pori na upepo. Nikamwambia mbwa mtoto sitaki. Mtoto anatafuna viatu, anahitaji chanjo za kurudiarudia, na ugonjwa wa parvo ukimkuta hajachanjwa unamuua kwa kuhara damu ndani ya siku chache. Tena mbwa mtoto hujui atakuwa mkubwa kiasi gani wala atakuwa na tabia gani. Mtu mzima unamwona alivyo. Ndiyo maana nikamchukua kwenye kituo cha kulelea wanyama kule Arusha: chotara wa Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, kwa meno wanamkadiria miaka minne, kilo 36, amehasiwa, ana cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Niliuliza kila linaloulizwa. Anakaaje na watoto, anakaaje na kuku, ukimsogelea akila anafanyaje, ameshawahi kuuma? Nikaambiwa kwa uwazi kabisa: huyu anapenda watu, ataegemea miguu yako mpaka uyumbe. Nikamtumia mume wangu picha WhatsApp, akajibu kidole gumba. Kwenye fomu kuna swali kama wote nyumbani wameridhia, nikampigia, simu nimeweka spika, akasema sawa. Sasa mimi nilimficha nini?

Na kumsafirisha si kazi ya mtu anayeleta mgeni wa mchezo. Kwa njia ya Babati na Kondoa ni zaidi ya kilomita 400. Asubuhi ya safari hapewi chakula, maji kidogokidogo kila gari likisimama, na chini unamtandikia kitambaa cha bandani kwake ili asikie harufu anayoijua. Hakutapika hata mara moja.

Mume wangu anasema habweki. Amemhukumu wiki ya kwanza, Anti! Mbwa mtu mzima akihamia kwa watu wapya, zile siku tatu za mwanzo anakuwa kama ameduwaa, wengine hata kula hawali. Inachukua kama wiki tatu ndipo ashike ratiba ya nyumba, na yapata miezi mitatu ndipo aone kwamba hapa ni kwake. Atalinda nini kabla hajajua kipi ni chake? Sasa anabweka. Mtu akipita nyuma ya ukuta usiku anasimama, nywele za mgongo juu, sauti nzito mpaka dirisha linalia. Mwizi aliye nje ya ukuta ataambiwa na nani kwamba huyu anataka kukunwa? Kilo 36 na sauti ile ndio ulinzi wenyewe. Na hizo hadithi za rafiki zake kwamba mbwa aliyehasiwa anakuwa mwanamke, ni hadithi. Kuhasiwa kunampunguzia kutoroka kufuata majike, kubweka hakumwondolei.

Kinachomponza ni kurukia watu, hilo silikatai. Akifurahi anakuwekea miguu mabegani. Lakini linafundishika, na nimewafundisha wote hapa ndani. Akiruka, unamgeuzia mgongo, unakunja mikono, husemi neno. Ukimsukuma anaona mnacheza, ukipiga kelele anaona umemjibu. Miguu yote minne ikigusa chini ndipo unamsalimia, kwa sauti ya chini. Kabla geti halijafunguliwa, akae kwanza, apewe kipande cha dagaa mkononi. Tatizo ni mtu mmoja anayeharibu. Sisi tunageuza migongo, mume wangu anaingia, anarukiwa, anacheka, anamsukuma kwa mikono miwili, kesho mbwa anafanya hivyohivyo kwa mzee wa jirani mwenye kanzu nyeupe anaelekea Ijumaa. Yule mzee ilibidi arudi akabadilishe. Mimi mwenyewe nilikwenda kumpa pole, naelewa kwao mate ya mbwa yakigusa nguo lazima ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, si jambo la kuchekea. Nikaweka geti la pili la wavu ndani ya lile la kwanza, mita moja na nusu kwenda juu, mgeni anaingia hapo kati anasubiri mpaka mbwa afungwe kamba. Mzee ameridhika, ananisalimia. Aliyeudhika mpaka leo ni mume wangu, ambaye siku ile hakurukiwa yeye!

Yupo pia mtoto wa jirani aliyeangushwa akachunika kiwiko kwenye changarawe. Mtaani ikawa mbwa ameng'ata mtoto. Jino halikumgusa, ila niliosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kama inavyotakiwa mtu akiumwa na mbwa, nikamwonyesha mama yake cheti cha chanjo na tarehe. Tukamalizana pale pale. Mume wangu hilo nalo alilisimulia barazani kama kichekesho.

Chakula ndiko tulikogombania kweli. Anasema mbwa ni wa kula makombo. Mbwa wa kilo 36 asiyefanya kazi ngumu anahitaji kwa siku kama gramu 350 za unga wa dona, robo kilo ya mapafu au utumbo, kiganja cha dagaa wasio na chumvi na mboga kidogo, imepikwa bila kitunguu wala kitunguu saumu, ikapoa, ikagawanywa asubuhi na jioni. Mara mbili, si mara moja, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu wakila chungu kizima na kukimbia papo hapo tumbo linajaa gesi na kujipinda, na likishajipinda bila upasuaji wa haraka ndio basi. Mifupa iliyopikwa simpi, inapasuka vipande vyenye ncha. Maji lita mbili, joto la Oktoba zaidi. Haya si anasa. Akaniletea gunia la mahindi yaliyoingia ukungu, eti ya mbwa. Anti, sisi watu wa huku tufundishwe sumukuvu na nani? Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa ndiye haimchelewi kabisa, inakwenda kwenye ini, anaacha kula, anatapika, fizi na macho yanageuka njano. Na kuchemsha hakuiondoi, upike mpaka kesho. Nikayafukia. Ndipo akasema nafukia chakula cha watu kwa ajili ya mgeni. Umeona? Mgeni tena.

Kupe sitasema sana. Yule kupe wa kahawia anakaa kwenye nyufa za ukuta na za banda, kwa hiyo ukimtibu mbwa peke yake umefanya nusu ya kazi. Nyufa nimeziba kwa saruji, mbwa anapakwa dawa ya shingoni kila mwezi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa makisio ya kifuniko sikuruhusu. Mkojo ukiwa rangi ya kahawa au fizi zikipauka nakimbia kwa daktari wa mifugo, sisubiri.

Sasa sikia kilichonitoa usingizi. Mume wangu ana bosi wake mwenye shamba la zabibu Hombolo. Jumamosi bosi anakuja na pikapu kumchukua mbwa. Mume wangu hakuniuliza, nilimsikia akiongea na simu. Watamfunga mnyororo usiku na mchana kwenye nguzo, wamnyime chakula, wampe pilipili, "awe mkali". Mnyororo haumfanyi mbwa mlinzi. Unamfanya awe na hofu, na mbwa mwenye hofu asiye na pa kukimbilia anamng'ata aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa mwenye shamba au yule anayempelekea maji. Mwizi anapita mita tano kutoka pale mnyororo unapoishia. Lakini tuache mnyororo. Ni shamba la zabibu, Anti! Zabibu zinaua mbwa. Zinaharibu figo, asidi ya tatariki iliyomo ndiyo inayotuhumiwa. Hakuna kipimo cha kusema chache hazidhuru, mmoja anakula nyingi anapona, mwingine anakula kiganja tu, anatapika siku hiyohiyo, baada ya siku mbili tatu hakojoi tena. Akizila inabidi daktari amtapishe ndani ya saa mbili hivi. Hombolo, usiku, amefungwa kwenye nguzo, nani atamwona? Mizabibu yangu miwili ya uani nimeizungushia wavu kwa sababu hiyo, na siku ile ya nyama wageni walipoanza kumrushia zabibu niliwanyang'anya sahani. Ndipo likatoka lile neno. Nadhani aliona nimemwaibisha. Nimemwaibisha nini? Nilimwokoa mbwa asife mbele yao.

Kuna karatasi niliyotia sahihi. Inasema mbwa asiuzwe, asigawiwe mtu mwingine, na nikishindwa kumtunza arudishwe kituoni, wao watampokea wakati wowote. Mume wangu anasema karatasi ya mbwa si hati ya nyumba. Najua pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, ila niambie ni nani anampeleka mumewe polisi kwa ajili ya mbwa, halafu jioni ampakulie ugali.

Wifi yangu anashauri niwapigie kituoni kimyakimya waje kabla ya Jumamosi. Nimeshika simu mara kadhaa nikaiweka. Nikiwapigia nimemtangaza mume wangu kwa watu wasiomjua. Na mbwa akirudi, itakuwa nimekubali kwa mdomo wangu kwamba kweli nilileta mgeni, amekaa, ameaga. Sitaki arudi. Lakini kuna saa nasema heri arudi, kule atapata watu wanaomtaka, kuliko Hombolo. Halafu anakuja kuniegemea nikiwa naosha vyombo, nasema haendi popote. Usinijibu kwamba nichague kati ya mume na mbwa, hilo mama mkwe ameshaniambia.

Na kitu kingine, ambacho sijamwambia hata wifi. Huyo mbwa anampenda yeye kuliko anavyonipenda mimi. Akisikia pikipiki yake mbali anakwenda kukaa getini, kakaa kweli, kama nilivyomfundisha. Na nimemkuta mume wangu usiku, zaidi ya mara moja, akidhani nimelala, amechuchumaa uani anamkuna nyuma ya masikio, anamwongelesha kwa Kigogo. Kwa Kigogo, Anti, lugha ambayo haongei hata na mimi. Sasa mtu wa namna hiyo barazani anacheka nini? Anamtoa kwa bosi kwa sababu hamtaki, au kwa sababu ameshasema mbele za watu na hawezi kurudi nyuma? Kama ni hilo la pili, nifanyeje ili arudi nyuma bila kuonekana ameshindwa? Maana mimi nilitaka aje aseme palepale, mbele ya wale wale, kwamba mke wangu alileta mbwa mzuri. Kunisema kama mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari, mbele ya wanaume niliowapikia! Hata mbwa akibaki, hilo halijaondoka.

Nimefikiria kumwambia tu mume wangu habari ya zabibu, nimweke daktari wa mifugo amweleze, bosi apate sababu ya kukataa mwenyewe bila mtu kuaibika. Sijui kama huo ni ujanja au ni uoga. Au nimpigie bosi moja kwa moja? Ila nikimpigia bosi wake, nyumba hii itawaka.

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa ufupi. Jina langu usiliweke, na hilo la Hombolo ukiweza lifute, wazabibu wote kule wanajuana.

Ni mimi msomaji wako,
Dodoma