Mwanangu, huyo mzee aliyetulia ghafla kaninyima usingizi

Mwanangu, hela ya dawa za baba yako imefika jana, asante sana, Mungu akuzidishie. Nilitaka kupiga ila najua ungesema mama nawahi zamu, bora niandike usome ukiwa umekaa.

Juzi ulivyonambia yule babu wa kitanda cha 6 wodini kwenu aliwasumbua usiku kucha anataka kwenda kufungulia ng'ombe, alafu asubuhi katulia na nyie mkashukuru Mungu, hapo ndipo ulinimaliza. Katulia vipi? Ukimwita anakuangalia machoni au anafungua jicho kidogo anarudi zake? Uji kanywa au umepoa pembeni? Mzee aliyekuwa anapiga kelele jana leo kanyamaza kimya, huyo hajapona mpaka umemwangalia ukajiridhisha.

Nyie mnaita deliriamu, akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa, sisi manesi wa enzi zetu tuliandika tu "amechanganyikiwa" basi tukapita. Anayeweweseka na kuchomoa dripu kila mtu anamuona, ila huyu wa kimya anapita zamu 3, kila nesi anaandika "amelala vizuri" kumbe mtu anaondoka. Na ndugu wakikwambia ni uzee usikubali haraka. Usahaulifu wa uzee unakuja taratibu miezi na miaka, hii inakuja kwa siku mbili au hata masaa, asubuhi anakutambua jioni anakuita jina la marehemu dada yake. Waulize swali moja tu, wiki iliyopita alikuwa hivi? Wakisema hapana, alikuwa anapika mwenyewe, basi hapo kuna ugonjwa unatafutwa.

Kile kipimo cha 4AT ulichonionyesha kwenye simu, yale maswali machache ya kupima deliriamu yaliyotoka Edinburgh kule Scotland, nimekipenda, pointi 4 kwenda juu unamwita daktari. Ila lile swali lake la kutaja miezi kurudi nyuma, kwa bibi ambaye hakukanyaga shule utamuonea bure, mwambie ataje siku za wiki kuanzia Jumapili arudi nyuma, uone kama anashika au anapotelea njiani.

Alafu mguse. Mimi kuna mzee tulimfunga mikono kwa bandeji usiku, nilishika mimi mwenyewe upande mmoja, alikuwa anapigana kweli. Asubuhi sista mkuu akaweka mkono chini ya kitovu, pamejaa pagumu kama papai bichi. Mkojo ulikuwa umeziba. Tulipoweka mpira wa mkojo ukatoka zaidi ya lita, yule mzee akalala kama mtoto, na alama za bandeji bado ziko mkononi. Kwa hiyo pima sukari, pima oksijeni kidoleni, angalia ulimi kama umekauka, uliza choo mara ya mwisho lini, msikilize kifua, na usisubiri homa, wazee wengine wana nimonia na mwili wa baridi. Angalia na faili la dawa, piritoni tu ya mafua inaweza kumvuruga mzee, na valiamu ya kumtuliza mara nyingi inazidisha, labda awe ni mnywaji aliyekatishwa pombe ghafla, huyo mambo yake mengine. Haloperidoli, ile dawa kali ya kutuliza, ni mpaka awe hatari kwake au kwa wenzake, na daktari aanze kidogo kabisa, nusu miligramu.

Sijui kama mnafanya haya ila mrudishieni miwani yake na meno yake, msifungie kwenye kabati. Muombe sista mkuu aruhusu mtoto wake mmoja alale pale, sauti anayoijua inafanya kazi kuliko sindano. Chandarua kikipepea yeye anaona mtu kasimama, kifunge vizuri. Mchana akae kitini penye mwanga, usiku msimwamshe amshe ovyo. Haya uliyajua kabla yangu, nakuona ulivyo makini, hata mama mchungaji nimemwambia mwanangu anajua kazi. Ila una haraka, hiyo haraka umeitoa kwangu.

Ya bibi yako unayajua siyarudii. Ila shangazi yako alinipigia Jumanne ile akasema mama hataki uji, kakaa anachunachuna khanga kwa vidole haongei, mimi nikamwambia muacheni apumzike ni uzee huo. Nesi wa miaka 31. Nikapanda basi Alhamisi.

Tangi la maji limepasuka tena, fundi anataka elfu 60 nimemwambia asubiri. Mdogo wako matokeo ya mtihani wa nusu muhula sio mabaya, hesabu ndio bado. Ile koti yako ya mvua nimempa, usininunie, huko kwenu mvua hamna. Na ule chakula cha hospitali usile kila siku, pika hata maharage ya wiki.

Ukimaliza kusoma hii nenda kitanda cha 6, mshike mkono, umuite jina lake la nyumbani sio babu babu. Akikujibu nitumie meseji, asipokujibu mpigie daktari kwanza alafu ndio unipigie mimi, hata iwe saa nane usiku. Simu naiweka kwenye mto, baba yako keshanuna ila atazoea.

Mama yako